Kuipima Programu ya Picha kwa Simu ya Mwaloni

Mnunuzi mzoefu wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, hanunui gunia lililofungwa. Hulifungua, akazamisha mkono hadi chini, akatoa konzi moja na kuangalia kama kuna mchanga, kama dagaa wamekauka sawasawa au walinyeshewa wakiwa kwenye chanja. Nami programu ya simu yenye picha nyingi huipima hivyo hivyo. Ukurasa wake wa kwanza haunishughulishi. Nachukua simu ya bei ya chini, yenye RAM ya GB 2, nafungua orodha ya picha mia mbili, naishusha kwa kasi hadi mwisho na kuipandisha. Kisha nailaza simu, naisimamisha, naanza upya, mara kumi. Programu mbovu huanza kuganda mapema, halafu inajifunga yenyewe.

Kiini cha kuganda huko ni hesabu. Picha ya kamera ya pikseli milioni 12 huhifadhiwa kama faili la MB 3 au 4 hivi, kwa kuwa imebanwa. Lakini ili ionekane kwenye kioo ni lazima ifunguliwe, na kwa kawaida kila pikseli hudai baiti 4. Zidisha 4,000 kwa 3,000, kisha kwa 4: unapata MB 48. Ni kama dagaa wakavu, ambao kopo moja lao ukiliroweka hulitambui tena. Picha kumi za namna hiyo ni MB 480, ndani ya simu ambayo WhatsApp na mfumo wenyewe vimeshachukua sehemu yao.

Kuanzia Android 3 hadi 7, pikseli hizo zilihesabiwa ndani ya kikomo cha kumbukumbu ambacho kila programu imewekewa. Android 8, iliyotoka mwaka 2017, ilizihamishia nje ya kikomo hicho. Usidhani ndiyo umepona. Simu ndogo ikiishiwa kumbukumbu, mfumo huiua programu kimyakimya, na mtumiaji anabaki akitazama kioo asijue kilichotokea.

Kazi ya fundi hodari utaijua kwa jambo moja: picha hufunguliwa kwa ukubwa wa mahali inapokaa. Kijipicha cha pikseli 180 kwa 180 kinahitaji KB 130 tu. Kwa hiyo fundi husoma kwanza vipimo vya picha bila kuifungua, kwa chaguo la Android liitwalo inJustDecodeBounds, kisha huamuru ipunguzwe. Akiweka inSampleSize kuwa 4, yaani kila upande ugawanywe kwa 4, ile picha ya MB 48 inashuka hadi MB 3. Maktaba kama Glide na Coil hufanya hesabu hii zenyewe, na kwa maoni yangu anayeanza leo hana sababu ya kuiandika upya.

Ujumbe wa OutOfMemoryError, unaotokea programu inapoishiwa kumbukumbu, nao una mtego. Niliwahi kuletewa programu ya kuuzia samaki, mwenyewe akanionyesha mstari ambao hitilafu ilikuwa ikitokea. Mstari ule ulikuwa ukifungua nembo ndogo tu. Nembo haikuwa na kosa. Ilikuwa abiria wa mwisho kupanda daladala iliyokwisha jaa. Tulihangaika siku mbili. Mkosaji alikuwa orodha ya sangara kurasa tatu nyuma, iliyoshikilia kila picha iliyowahi kuionyesha, hata baada ya mtu kutoka kwenye ukurasa huo. Tulipoiwekea akiba yenye ukomo, inayotupa picha ambazo hazijatazamwa muda mrefu, ugonjwa ukaisha.

Ukiikagua programu ukakuta largeHeap, ombi la kuongezewa kikomo cha kumbukumbu, imewashwa ili kutuliza hitilafu hii, ikatae. Aliyeiwasha ameomba chumba kikubwa zaidi badala ya kufagia alichonacho, na kwenye simu ya GB 2 chumba hicho mara nyingi hakipo.

Angalia pia upande wa seva. Seva inayotuma picha nzima kwa ajili ya kijipicha inamlia mteja bando, na aliyeko Ukerewe kwenye mtandao hafifu huona duara likizunguka tu.

Kwa hiyo, kabla hujaipitisha programu yoyote ya picha, iweke kando simu yako mpya. Azima ya mchuuzi, ile iliyojaa picha za familia na sauti za vikundi vya WhatsApp, uipime hapo. Ikijifunga, irudishe kwa fundi.