Sura ya Askari wa Gereza: Joan Ferguson na Masimulizi ya Mto Tana

Katika tamthilia ya televisheni ya Australia iitwayo Prisoner, iliyorushwa kwa sehemu 692 kati ya 1979 na 1986, mhusika mwovu aliyevuma zaidi ni askari wa gereza Joan Ferguson. Maggie Kirkpatrick alimwigiza kuanzia 1982. Umbo lake kubwa na glavu zake nyeusi za ngozi vilitosha kumtambulisha, na mtazamaji akauona uovu wote wa gereza katika mtu mmoja. Nguvu ya uigizaji huo haina ubishi. Linalohitaji kuhakikiwa ni dhana iliyo nyuma yake: je, uovu wa gereza una sura moja?

Masimulizi ya Mto Tana yanalijibu swali hilo kwa namna nyingine. Chini ya Garsen, mto unapokaribia bahari, ziko Ozi na Kipini, nchi inayohusishwa na Fumo Liyongo. Katika utendi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913, Liyongo anatiwa gerezani, lakini walinzi wake hawajengwi kuwa wahusika wakuu. Kinachowatambulisha ni ulafi: hukila chakula kizuri anachopelekewa mfungwa na kijakazi Saada, wakamwachia makapi. Ulafi huo ndio unaowaponza, kwani tupa imefichwa ndani ya mkate wa makapi. Pigo la mwisho halitoki gerezani kabisa. Linatoka kwa mwana wa Liyongo, aliyerubuniwa amchome babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Hivyo uovu umegawanywa: mfalme anaagiza, walinzi wanakula, mwana anatenda.

Juu ya Garsen, mto huohuo unapita Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya kizuizini waliuawa kwa kipigo walipokataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Hola haikumhitaji Ferguson. Palikuwa na mpango ulioandikwa, maafisa walioupitisha, askari walioutekeleza na taarifa iliyoficha ukweli. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Hapa ndipo udhaifu wa mhusika Ferguson unapodhihirika. Katika sehemu ya mwisho anakamatwa, na mtazamaji anaridhika ilhali gereza limebaki vilevile. Utendi haumpi msikilizaji faraja hiyo. Liyongo anakufa kapiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mji mzima unapata kiu kwa sababu ya tendo lililopitia mikono mingi.

Mtunzi atakayeipeleka Hola jukwaani au kwenye televisheni atashawishika kumtafuta mwovu mmoja wa kuchukiwa. Akifanya hivyo atapata watazamaji, lakini atakuwa amewaachilia wengine wote. Kijumwa ni mwalimu bora zaidi wa kazi hiyo.