Karakana ya Suri na Shehena Isiyotajwa

Familia zetu nyingi zilizoko Maskati hufunga safari ya gari kwenda Suri siku za mapumziko, kilomita kiasi ya 200 kwa njia ya pwani, kupitia Quriyat na Qalhat. Wengi husimama kwenye karakana ya majahazi. Wasimame, pana mengi ya kuona. Ila karakana ile inaeleza vizuri namna jahazi linavyoundwa, na haielezi lilibeba nini.

Katika ufundi sina la kulaumu. Fundi hana mchoro. Hulaza mkuku, akapandisha mbao za ubavuni, na mataruma huja baadaye, yakichongwa kwa tezo kufuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulipata. Nimewahi kulisoma jambo hili mara nyingi vitabuni. Mbele ya chombo kilichosimama mbao tupu, mtoto wa miaka kumi hulifahamu kwa kutazama. Msaji hutoka ng'ambo, kama zamani ulivyotoka Malabari, na mafundi wengi ni Wahindi. Wako wageni wanaonung'unika kwamba hilo linaondoa uasili. Ulikuwa lini uasili huo wa kabila moja katika bahari hii?

Jirani yake ipo Fatah al-Khair, ghanja iliyoundwa Suri mwaka 1951, ikauzwa, ikaja kuonekana Yemen, na watu wa mji wakachangishana kuirudisha mwaka 1993. Nakshi za shetri yake peke yake zinatosha kuwa sababu ya safari.

Sasa shehena. Katika maelezo niliyopewa Zanzibar ilitajwa kama jina la bandari tu. Boriti hazikutajwa. Tende na samaki mkavu zilishuka na kaskazi, na kusi ikapandisha boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu. Ndizo zilizobeba dari za nyumba za kale za Omani na Ghuba, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Nusu ya historia ya ujenzi wa huku ilikatwa katika mikoko ya kule.

Na watu hawakutajwa. Vyombo vya Suri vilichukua watumwa, na viliendelea kwa siri hata baada ya mkataba wa Sayyid Barghash wa mwaka 1873. Baadhi ya manahodha walitweka bendera ya Kifaransa ili manowari za Kiingereza zisiwapekue, mpaka Uingereza na Ufaransa zikafikishana mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu mwaka 1905. Kesi hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria dunia nzima. Suri kwenyewe sikusikia neno.

Nimeambiwa si adabu kumkumbusha mwenyeji mambo hayo. Lakini wajukuu wa waliopakiwa wanaishi Suri hadi leo, nao ni wenyeji.

Hata mwaka 1964, majahazi yalipowachukua baadhi ya wazee wetu kutoka Unguja kuja Omani, haumo katika maelezo. Na hilo halina wa kuona haya.

Kipande cha boriti, ramani ya Rufiji, nakala ya hukumu ya 1905: meza moja karibu na mlango ingetosha, na nafasi ipo.