Paka wa Nyumba Haingwa

Asubuhi moja pale Mwigobero, Musoma, nilimkuta fundi nyavu ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, miguu ameinyoosha, wavu umemlalia mapajani. Mafundi wa aina yake nimewaona tangu utotoni, na ningeweza kupita zangu. Kilichonisimamisha ni umbo la kazi yake. Wavu ule ulikuwa mdogo, wa mraba, haufiki hatua mbili kila upande, na pembezoni umeshonewa kamba pande zote nne. Hakuna dagaa wala sangara avuliwaye kwa wavu wa namna hiyo. Nikamwamkia, nikamuuliza ni wa nini.

"Wa dirisha," alinijibu, na sindano haikusimama. "Kuna mama mmoja huko Nyasho ana paka wake wawili. Hataki watoke, na hataki wakose upepo."

Nikaketi nitazame. Alikuwa na kijiti cha kupimia, kimekuwa laini kwa kushikwa miaka mingi, na kila tundu alilizungusha juu ya kijiti hicho kabla ya kukaza fundo. Alinieleza kwamba uzi wa nyavu za dagaa haufai, kucha huuchana, kwa hiyo alichagua uzi mnene. Tundu lisizidi upana wa vidole viwili, maana kichwa cha paka kikipita, mwili hufuata. Kwenye pembe alirudia fundo mara mbili. "Paka hajaribu katikati," alisema. "Ataanza na pembe." Alipomaliza aliukanyaga wavu upande mmoja, akauvuta kwa mikono miwili kwa uzito wake wote, kama afanyavyo kwa wavu unaokwenda ziwani usiku. Ndipo akaukunja.

Maisha yake yote mzee yule ameshona nyavu za kukamata. Huu ulikuwa wa kuhifadhi, na mkono wake haukuupunguzia kitu. Nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi aliishi Butiama, upande wa mlimani, mwendo wa miguu tu kutoka Mwitongo alikolazwa Mwalimu Nyerere. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, vyumba vitatu, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa ghala: kihenge cha mtama, gunia la ulezi, udaga, michembe ya viazi. Penye nafaka hapakosi panya, na bibi hakukubali kulala nyumba moja na panya bila paka. Lakini mwaka mmoja alizika paka wawili. Wa kwanza alirudi akitokwa na povu baada ya kula panya aliyelishwa sumu kwa jirani. Wa pili alipigwa jiwe kwa kosa la kifaranga. Alipoletewa wa tatu, jike wa kijivu mwenye michirizi miguuni, alimwita Mwenzangu, akaapa kwamba huyo hatakanyaga nje.

Kuapa hakumchukui mtu muda. Kazi ilikuwa kuifanya nyumba ya vyumba vitatu imtoshe mnyama aliyeumbwa kuzurura, na kazi hiyo bibi aliisomea kwa paka mwenyewe, kwa kumtazama.

Alianza na choo. Karai kuukuu lilijazwa mchanga wa mtoni uliochekechwa, ukachanganywa na jivu la jikoni lililopoa ili kukata harufu. Kila alfajiri, kabla hajawasha moto wa uji, alizoa uchafu kwa kipande cha bati. Akiumwa alituamuru sisi wajukuu, na udhuru hakuusikia, kwa sababu paka akikuta karai chafu atatafuta pembe ya chumba, na akishaizoea pembe hiyo utahangaika kumrudisha. Kucha nazo zilipewa mahali pake: gogo lililosimikwa karibu na mlango, limezungushiwa kamba ya katani toka chini hadi juu. Kila alipoamka, Mwenzangu alijinyoosha hapo na kulikwaruza, na viti vya bibi vikasalimika. Chini ya dirisha la mashariki palipigwa ubao, na juu ya ubao huo aliketi akitazama njiwa wa uani na mijusi wa kwenye majabali, mkia ukichezacheza, hata saa nzima ikapita.

Ufundi wake hasa ulionekana jioni. Kuku walipoanza kuingia bandani, bibi alichukua kijiti chenye uzi, na mwisho wa uzi pana unyoya. Aliuburuta unyoya sakafuni polepole, akaupitisha nyuma ya mtungi, akauacha utulie. Sisi tukipewa kijiti tuliuchezesha unyoya mbele ya uso wa paka, na paka akatuacha hapo hapo, akaenda kulala. "Panya hamfuati paka," bibi alitufundisha. "Panya hukimbia." Basi mikononi mwake unyoya ulikimbia. Ulichungulia, ukasita, ukapotelea chini ya kiti. Mwenzangu alijilaza chini, macho yamekuwa makubwa, kiuno kinatikisika, kisha akaruka. Mara kadhaa bibi alimkosesha, halafu akamwachia ashike kweli, aume, ajisikie amepata. Alisema mwindaji asiyepata kitu huishia kuuma mikono ya watu.

Mchezo ulipokwisha ndipo alipokwangua sufuria kwa mwiko, mara tatu. Hiyo ilikuwa ishara ya chakula, na popote Mwenzangu alipokuwa, hata juu kwenye kenchi, alishuka. Alipewa dagaa wa ziwani waliochemshwa bila chumvi. Ugali hakumtegemezea, kwa kuwa aliona kwamba paka wa ugali na maziwa hudhoofika na kuharisha, na kweli mwili wa paka umejengwa kwa nyama na samaki. Baadhi ya dagaa aliwatia kwenye kibuyu kidogo kilichotobolewa ubavuni. Usiku tulilala tukisikia kibuyu kinabingirika, kinagonga ukuta, kinatulia, kinabingirika tena. Mwenzangu alikuwa kazini. "Anayekula bila kuhangaika huichoka nyumba," bibi alisema.

Kuwinda, kula, kujilamba, kulala: huo ndio mpangilio wa siku ya paka, na machweo na mapambazuko ndiyo saa zake za kuchangamka. Madaktari wa mifugo leo huwashauri wenye paka wa ndani waufuate mpangilio huohuo. Bibi aliushika kwa kijiti na unyoya. Alijua pia kwamba jike akiingia joto hakuna mlango utakaomtuliza. Kwa hiyo, Mwenzangu alipofikisha miezi sita hivi, bibi alimtia ndani ya tenga la kuku, akapanda naye basi hadi Musoma kwa daktari wa mifugo, na huko paka akafungwa kizazi na kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Majirani walimshangaa kutoa nauli na fedha ya daktari kwa ajili ya paka. Mwenzangu aliishi miaka 16.

Huwa nafikiri bibi alikuwa akiendeleza mapatano ya zamani mno. Mababu wa paka wa nyumbani ni paka-mwitu, jamaa wa hao wanaowinda panya hadi leo katika mbuga za Serengeti. Huko Mashariki ya Kati, watu walipoanza kulima na kuweka akiba, paka-mwitu walifuata panya hadi ghalani na wakabaki. Kisiwani Kupro wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la miaka ipatayo 9,500, mtu amezikwa na paka pembeni yake. Paka huyo hakuwekwa hapo kama mtego wa panya. Watu wa zama zile, wasio na bati wala saruji, walikwisha kumhesabu kuwa wa kwao.

Mimi sikuurithi ufundi huo. Nilipopata kazi Bunda nilipanga chumba karibu na lami, barabara ile itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi Sirari. Nilipewa paka mchanga, mweupe mwenye doa jeusi sikioni. Nilimpenda kwa namna wengi wetu tupendavyo siku hizi: nikirudi nimechoka namtupia kipande cha samaki, nikilala naacha dirisha wazi kwa sababu ya joto. Usiku fuso hazikomi pale. Asubuhi moja nilimkuta ukingoni mwa lami, amelala kama anayeota jua. Nilikuwa na mwaka mzima wa kupeleka vipimo vya dirisha kwa fundi. Sikwenda.

Nikitembea sokoni leo, spika za wauza sumu zinaita tangu asubuhi: panya, mende, kunguni. Pakiti ni bei ya chai na andazi. Tunainunua, tunaimwaga nyuma ya makabati, na panya anayekufa polepole anatoka nje na kuokotwa na paka wa mtu. Tumeacha kazi ya kumtunza paka, tukanunua njia ya mkato, na njia hiyo inamuua yeye aliyekuwa akitufanyia kazi. Wengine wanakufa kwa mawe. Paka mweusi akionekana usiku juu ya bati, hasa penye mgonjwa au msiba, hutajwa uchawi, na asubuhi vijana humfuata na fimbo. Nimeona hayo, na waliopiga walikuwa watu wema kwa mambo mengine yote.

Sisi wa mkoa wa Mara tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba mnyama wa nyumbani anayezurura hazururi peke yake. Hifadhi ya Serengeti iko jirani yetu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliwaingia simba na kuua takriban theluthi moja yao, simba wapatao 1,000, na watafiti waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tangu hapo mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa. Paka naye ana sehemu yake. Akiumwa na mnyama mwenye kichaa, hukileta nyumbani kwenye makucha na meno, mahali watoto wanapompakata. Akikutana na paka-mwitu huzaa naye, na kizazi baada ya kizazi damu ya paka-mwitu huchujuka. Paka aliyelala juu ya ubao wa dirisha haleti wala hapeleki lolote kati ya hayo.

Wapo wanaoniambia kwamba kumfungia paka ni ukatili. Nawaelewa, na neno lao lina uzito. Waislamu wanakijua kisa alichosimulia Mtume, cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kisa hicho kimenirudia mara nyingi. Naona kinakataza mlango uliofungwa juu ya njaa na upweke. Nyumba ya bibi ilifungwa mlango pia, lakini ndani yake palikuwa na karai safi, gogo la kukwaruza, dirisha la kutazamia dunia, unyoya wa jioni, kibuyu cha usiku, na mtu anayejua jina lako. Anayetaka kufunga mlango bila kuandaa hayo, heri asifuge.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, na wengine hutamka haingwa. Kuinga ni kufukuza, kama watoto wanavyofukuza ndege kwenye mtama unaoiva. Methali hiyo kwa kawaida hutajwa kwa watu: aliyezoeleka nyumbani hafukuzwi. Nadhani imekuwa ya watu peke yao kwa sababu kwa paka tumekwisha kuivunja. Tunawainga kila jioni tunapoacha mlango wazi na kwenda kulala, tukisema paka anajijua.

Bibi amefariki. Nyumba ya Butiama imepangishwa, na mara ya mwisho nilipopita, gogo la katani lilikuwa limetumika kuegemeza mlango wa banda la kuku. Kibuyu sikukiona. Nilitafuta ubao wa dirisha nikakuta matundu ya misumari tu. Sijui mtu mwingine kijijini pale ambaye angeweza kuuchezesha unyoya kama alivyouchezesha yeye, nami niliyekuwa nikimwona kila jioni sikuwahi kumwomba anifundishe vizuri.

Nilirudi Mwigobero juma lililofuata na kipande cha karatasi chenye vipimo vya madirisha yangu mawili. Fundi alivisoma, akauliza paka ana umri gani. Nikamwambia bado sina, nataka nyumba iwe tayari kwanza. Alitikisa kichwa kuafiki, akachukua kijiti chake.

Nawe uliye na paka, jua likishuka kuelekea ziwani, usingoje giza. Kwangua sufuria, mwite aingie, mpe chake, mchezee mpaka achoke. Kisha funga mlango.