Chai Iliyozeeka

Iko chai ambayo kadiri inavyokaa ndivyo bei yake inavyopanda. Kwa mtu wa Nyangoto habari hii ni ya ajabu, kwa maana sisi pakiti ya majani iliyosahaulika kabatini miaka mitatu huitupa, na mwenye duka anayetuuzia majani ya zamani tunamhesabu kuwa mwizi. Chai hiyo ni ya Pu'er, kutoka jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China. Mwanachuo wangu wa zamani aliyesoma huko aliniletea mikate miwili, nami nimeinywa miezi minne. Haya ni maoni yangu.

Kwanza msomaji aelewe kwa nini chai yetu haizeeki vizuri. Mmea ni ule ule, tena wa jamii ya majani mapana iitwayo assamica, ndugu wa chai ya Mufindi, Rungwe na Kericho. Tofauti iko kiwandani. Kwetu jani hunyaushwa, likasagwa na kuchanwa kwa mashine, likaachwa ligeuke rangi, kisha likakaushwa kwa joto kali. Baada ya hapo kazi imekwisha. Kinachobaki ni kupoteza harufu. Yunnan jani hukaangwa kidogo katika karai, husokotwa, huanikwa juani, kisha hulainishwa kwa mvuke na kugandamizwa kuwa mkate wa duara, kwa desturi wa gramu 357. Jua haliui kila kitu ndani ya jani, na kwa hiyo mabadiliko huendelea polepole kwa miaka mingi, kwa hewa, unyevu na vijidudu.

Wasio na subira walipata njia ya mkato huko Kunming mwaka 1973: majani hurundikwa, hunyunyiziwa maji, hufunikwa na kugeuzwageuzwa kwa wiki kadhaa. Sisi tunaokula ndizi hatuhitaji maelezo marefu. Chai ya kwanza imeivia mgombani. Hii ya pili imevundikwa.

Maandalizi ni mepesi. Gramu saba katika birika dogo, maji yanayochemka. Ya kwanza humwagwa, ya pili hukaa sekunde chache tu. Majani yale yale hutoa vikombe kumi na zaidi. Sukari hakuna, maziwa hakuna, na hapo ndipo wageni wangu wengi walipoaga.

Ile ya kuvundikwa ni nyeusi kama kahawa lakini haina ukali wa kahawa. Inateleza. Inanuka udongo baada ya mvua, na ghala la mtama lililofunguliwa baada ya miezi. Vikombe vitatu vinapendeza. Baada ya hapo haina jambo jipya la kusema. Ni rafiki mwema wa mtu aliyeshiba nyama, basi.

Ile mbichi, yenye miaka kumi na mitano kwa mujibu wa karatasi yake, ndiyo iliyonikalisha kitini. Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo wanywaji huyachanganya. Uchungu ni ladha, kama ya mshubiri. Ukakasi si ladha hasa. Ni ule mkazo unaoshika kinywa ukitafuna ndizi mbichi. Chai hii ikiwa changa huwa na vyote viwili kwa wingi. Katika mkate wangu ukakasi umelegea. Uchungu ungalipo, lakini huja na kuondoka, na nyuma yake koo hubaki na utamu unaodumu muda wa kutembea kutoka kwangu hadi barabarani. Kikombe cha nne ndicho bora. Cha saba kilinuka mbao kuukuu, wala sisemi hivyo kwa kukilaumu.

Ugomvi wangu ni na wanaoisifu. Huhesabu miaka kana kwamba umri wenyewe ni sifa, hali ghala ndilo linaloamua. Mkate uliokaa Hong Kong penye joto na unyevu, na ule uliokaa Kunming penye ukavu, si chai moja hata kama ilitoka kiwandani siku moja. Unyevu ukizidi hupati chai, unapata kuvu. Ukipungua mno jani hulala tu. Tena karatasi ya nje haisemi kweli daima, maana penye bei kubwa hapakosi mikate ya bandia. Mwaka 2007 bei zilipaa kwa fujo, kisha zikaporomoka. Mwaka huo huo mji wa Simao ulibadilishwa jina ukaitwa Pu'er. Hata wenye mji walijua jina lina thamani.

Hapo ndipo roho inaponiuma, si kwa ajili ya China bali kwa ajili yetu. Mkulima wa Rungwe huchuma majani mawili na chipukizi, kama mwenzake wa Yunnan, na jasho lake huishia katika pakiti isiyotaja mlima wala mwaka. Waonjaji wa mnada wa Mombasa hufyonza kijiko kwa kishindo, wakatema, wakapanga madaraja; lakini elimu yao huishia kwa wanunuzi wakubwa. Dar es Salaam nayo ilizindua mnada wake Novemba 2023. Mnada hutafuta bei, na bei ni jambo jema, ila haumfundishi mnywaji kitu.

Basi, ndugu msomaji, jaribu kipimo cha waonjaji: gramu mbili za majani ya dukani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika sita, bila sukari. Utakutana na ukakasi mwingi, na rangi nzuri kuliko ya chai yangu ya China. Ukivumilia hadi kikombe kipoe kidogo, ipo harufu ya nyuma, kama ya nyasi zilizokatwa jana. Ndiyo tuliyokuwa tukiizika chini ya vijiko vitatu vya sukari.