Mtandao Umekatikia Wapi?

Mtu akilalamika kwamba hana mtandao ilhali alama ya mawimbi kwenye skrini imejaa, yeye hasemi uongo na skrini nayo haidanganyi. Alama ile hujibu swali moja tu: mnara unasikika kwa nguvu kiasi gani. Haisemi kama kampuni imeikubali laini, kama njia ya data imefunguliwa, kama kompyuta imepewa anwani, wala kama pakiti zinapita njia hiyo au zimeelekezwa kwingine. Mambo haya hutegemeana, lakini kila moja huharibika kivyake. Faida kubwa ya kukagua mtandao wa simu kwa amri za kuandika ni kwamba kila hatua hutoa ushahidi wake peke yake, na pale hatua mbili zinapopingana ndipo tatizo lilipo.

Kwenye kompyuta nyingi za Linux, modemu huendeshwa na programu iitwayo ModemManager, na amri yake ni mmcli. “mmcli -L” huorodhesha modemu zilizotambuliwa. Isipotaja hata moja, hakuna sababu ya kuilaumu kampuni ya simu; kinachofaa kuchunguzwa ni tundu la USB, modemu yenyewe au kiendeshi chake. Modemu ikionekana, “mmcli -m 0” hutoa taarifa ndefu (namba ile 0 huweza kubadilika modemu ikichomolewa na kuchomekwa tena), na mstari wa kwanza wa kutazamwa ni ule wa “state”. “locked” maana yake laini inadai PIN. “searching” ni kwamba modemu ingali inatafuta mtandao. “registered” ni kwamba laini imekubaliwa lakini data haijafunguliwa, na hali hii ndiyo huwachanganya wengi, kwa sababu laini huweza kupokea ujumbe mfupi kama kawaida na isifungue ukurasa hata mmoja. Ni “connected” pekee inayothibitisha kwamba njia ya data iko wazi. Chini kidogo huonekana namba ya mtandao: inayoanza na 640 ni ya Tanzania, na ya 639 ni ya Kenya. Kwa aliye Namanga, mpakani mwa nchi hizo mbili, mstari huu una uzito, kwani laini ikidaka mnara wa ng’ambo ya mpaka, usajili husomeka “roaming” badala ya “home”, na data inaweza kukataa ijapokuwa mawimbi ni mazuri.

Kuhusu mawimbi yenyewe, asilimia inayotolewa na mmcli isiaminiwe kupita kiasi. Kando yake huandikwa “recent” au “cached”, na hilo la pili lina maana kwamba tarakimu ni ya zamani, haikupimwa sasa hivi. Kipimo cha kutegemewa zaidi hupatikana kwa kuamuru “mmcli -m 0 --signal-setup=10”, kisha “mmcli -m 0 --signal-get”. Kwenye 4G hutokea RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara kwa dBm. Kila tofauti ya 10 ni nguvu mara kumi, kwa hiyo kutoka -85 hadi -105 mawimbi yamepungua mara mia. RSRQ na SNR huonyesha ubora wake. RSRP ikiwa nzuri na hizi mbili mbaya, kuna mwingiliano au msongamano, na kusogea karibu na dirisha pengine kusisaidie kitu.

Hatua inayofuata ni njia ya data. “mmcli -b” pamoja na namba ya njia hiyo huonyesha APN iliyotumika, anwani ya IP, lango na seva za majina. APN ni jina la lango ambalo kampuni hutumia kuitoa laini kwenye intaneti. Likikosewa, usajili unaweza kubaki salama huku data ikigoma. Kisha hufuata “ip route”, inayoonyesha pakiti zinaelekezwa wapi. NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya kompyuta, kwa kawaida huipa Wi-Fi uzito wa 600 na modemu 700, na uzito mdogo ndio unaopewa kipaumbele. Kompyuta iliyoshika Wi-Fi isiyo na intaneti inaweza basi kuendelea kupeleka pakiti huko huku modemu nzima ikikaa bila kazi. “ping -I wwan0 8.8.8.8”, ikiwa wwan0 ndilo jina la kiolesura cha modemu, huondoa shaka hiyo: jibu likirudi, modemu haina kosa.

Watakuwepo watakaosema kwamba kuzima na kuwasha kunatosha. Ni kweli mara nyingi kunasaidia, kwa kuwa modemu hujisajili upya. Lakini kunafuta ushahidi, na kosa la APN au la uzito wa njia halitibiwi hivyo. Heri kusoma kwanza, kisha kuwasha upya. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu wengi wana simu, hawana modemu ya kompyuta. Simu ya Android iliyoruhusiwa kuchunguzwa kwa kebo nayo hujibu: “adb shell dumpsys telephony.registry” hutoa hali ya usajili na vipimo vya mawimbi kwa kila laini. Tahadhari moja: taarifa ya mmcli ina IMEI na huweza kuwa na namba ya simu, basi zifutwe kabla ya kumtumia fundi.

Kuna hali ambayo hatua zote hizi, isipokuwa ping, zinaweza kuonekana nzima na kurasa zisifunguke: bando limekwisha, na kampuni imeiacha laini na anwani yake huku ikizuia pakiti ndani ya mtandao wake. Hapo dawa ni kuuliza salio, na hilo nalo lafanyika papo hapo kwa “mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate” ikifuatiwa na msimbo wa nyota na alama ya reli wa kampuni husika, ingawa si kila modemu inaikubali amri hiyo.