Kuchomoa Teminali Gari Likiwa Linaunguruma: Kipimo Kisichopima

Kuna kipimo kimoja cha alternata kimezoeleka sana gereji za mtaani, na siku hizi kinafundishwa mpaka kwenye video fupi za simu. Gari linawashwa, fundi analegeza nati kwa spana namba 10, kisha anachomoa teminali ya betri huku injini inaunguruma. Gari likizima, hukumu inatoka hapo hapo: alternata imekufa, tafuta nyingine. Likiendelea kuunguruma, alternata ni nzima, kanunue betri. Sekunde tano tu, na mteja kaona kwa macho yake.

Tatizo ni kwamba majibu yote mawili hayaaminiki, na namna ya kuyapata inaweza kuunguza gari lililokuja na shida ndogo.

Chukua jibu la "nzima". Injini ya petroli ikiwa imetulia, bila kukanyagwa mafuta, haihitaji umeme mwingi: pampu ya mafuta, nozeli, koili za plagi na kontroli boksi, basi. Alternata yenye diodi moja iliyokufa inaweza kuvilisha hivyo vyote. Itakuja kushindwa usiku kwenye foleni, mvua inanyesha, umewasha taa, waipa na kiyoyozi kwa pamoja. Yaani mteja kauziwa betri mpya, na hiyo nayo itakufa mapema kwa sababu haijazwi sawasawa. Jibu la "imekufa" nalo lina utata, maana umeme ukiyumba ghafla kontroli boksi inaweza kuzima injini hata kama alternata haina kosa.

Sasa hatari yenyewe. Betri haipo kwa ajili ya kuzungusha starta tu. Injini ikiwaka, betri inatuliza volti za gari zima, kama tenki la juu linavyotuliza presha ya pampu kwenye mabomba ya nyumba. Alternata ikiwa inaijaza betri iliyochoka kwa ampea 50, halafu ukachomoa waya, uga wa sumaku kwenye rota haufi papo hapo. Kwa sehemu ya sekunde alternata inaendelea kusukuma, mkondo hauna pa kwenda, volti zinapaa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2, kinachotumika kupima vifaa vya umeme vya magari, kinaiga tukio hili kwa mshindo wa volti 79 hadi 101 kwenye mfumo wa volti 12 usio na kinga. Alternata nyingi za kisasa zina kinga ndani yake, lakini hata hizo huachia volti kama 35 zipite. Hapo bado sijataja cheche karibu na betri inayotoa haidrojeni, gesi inayoweza kuwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa.

Tuwe wa haki kidogo. Mbinu hii ina ukoo mrefu. Enzi za dainamo, kabla Chrysler hawajaweka alternata kwenye Valiant ya 1960, hapakuwa na kompyuta ya kuungua. Na fundi anayeifanya leo anamjibu mteja anayetaka kuona, sio kusomewa namba. Ninaowalaumu zaidi ni wanaorekodi video hizo na kuziita elimu, wakati mita ya kawaida ya dijitali ni rahisi kuliko betri yoyote ya gari.

Mita hiyo ukiiweka kwenye betri iliyopumzika saa kadhaa, 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu. Washa injini: unategemea kati ya 13.8 na 14.5. Washa mizigo yote, panda mpaka mizunguko 2,000, uone kama zinashuka sana. Ila usizishike namba hizo kama msahafu. Kwenye joto la Dar, regyuleta nyingi hushusha volti makusudi, na magari mapya yana alternata zinazoamrishwa na kompyuta, zinapanda na kushuka. Kipimo ninachokipenda zaidi ni kugeuza mita isome mkondo geu: ukipata zaidi ya nusu volti kwenye betri wakati injini inawaka, shuku diodi. Diodi hiyo hiyo inaweza kuvujisha umeme gari likiwa limezimwa. Ikivuja ampea 0.5, betri ya Ah 45 inakauka ndani ya siku nne hivi, na mwenye gari atasema betri ni feki.

Pia pima kutoka teminali kubwa ya alternata mpaka chanya ya betri, injini ikiwaka na mizigo ikiwa imewashwa. Tofauti ikizidi kama volti 0.3, kosa lipo kwenye waya au kwenye kutu ya maungio. Hilo linatibiwa kwa msasa, na hakuna anayehitaji kununua alternata.

Na kwa wenye Toyota Aqua na Prius: hayo magari hayana alternata kabisa. Betri yao ndogo inachajiwa kutoka betri kubwa kupitia kibadilisha volti. Fundi akikwambia alternata ya Aqua yako imekufa, funga boneti uondoke.