Usingizi Si Ganzi: Ketamini Inavyofanya Kazi Mbili

Mwendesha bodaboda akivunjika paja barabara ya Usagara na kufikishwa hospitali, ndugu zake huuliza kwanza kama atachomwa sindano ya usingizi. Wanaamini kwamba akishalala, maumivu nayo yamelala. Ukweli ni kwamba kulaza na kuondoa maumivu ni kazi mbili, na dawa nyingi za usingizi huifanya ile ya kwanza tu.

Tuanze na kisu. Kikigusa ngozi, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo. Propofoli na diazepamu huiongezea nguvu GABA, kemikali inayoutuliza ubongo. Mgonjwa hana habari na lolote, lakini uti wa mgongo unaendelea kupokea taarifa. Ndiyo maana aliyepewa propofoli peke yake, kisu kinapoingia, mapigo ya moyo hupanda, presha hupanda, na pengine mkono hujikunja. Akizinduka, mishipa iliyochokozwa muda wote huo humrudishia maumivu kwa ukali zaidi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa usingizi huongeza dawa za maumivu kama fentanili na morfini, au ganzi.

Ketamini inakwenda njia nyingine. Mkemia Calvin Stevens aliitengeneza Marekani mwaka 1962, binadamu wa kwanza akadungwa mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaidhinishwa kutumika huko. Yenyewe huziba vipokezi vya NMDA, milango ya uti wa mgongo na ubongo ambamo taarifa za maumivu hupita na kukuzwa. Dawa ileile inayomlaza mgonjwa ndiyo inayoufunga mlango wa maumivu.

Uzuri wake hasa uko kwenye kipimo. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji miligramu 60 hadi 120 mshipani ili alale. Ndani ya dakika moja amekwenda, na hubaki hivyo dakika 10 hadi 20. Lakini kutuliza maumivu tu, miligramu 6 hadi 18 zinatosha: anabaki macho, anaitikia jina lake, huku paja likinyooshwa na kufungwa banzi. Kichupa ni kilekile. Kinachotofautiana ni hesabu ya anayevuta sindano.

Kwa wilaya kama Misungwi, mkoani Mwanza, hesabu hiyo ina uzito. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea mgonjwa wa wilaya jirani ya Sengerema kusubiri kivuko, lakini bado kuna safari hadi hospitali ya Bugando jijini Mwanza, na mfupa uliovunjika huhisi kila tuta. Tena ketamini haihitaji mashine ya gesi, kwa kawaida haizimi pumzi, na mara nyingi haishushi presha ya aliyepoteza damu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 1985. Nchini Kenya, wahudumu wasio wataalamu wa usingizi walifunzwa kuitumia pale mtaalamu anapokosekana, na matokeo ya upasuaji 1,216 yakachapishwa mwaka 2017. China ilipotaka Umoja wa Mataifa uidhibiti vikali mwaka 2015, wataalamu wa Shirika hilo walipinga, wakijua kuwa wagonjwa wa hospitali zisizo na mtaalamu wa usingizi ndio wangeikosa.

Hata hivyo, si dawa ya kuachiwa mtu yeyote. Ikisukumwa haraka, pumzi inaweza kukatika. Lazima oksijeni iwe karibu na awepo mtu wa kumwangalia mgonjwa tu. Hujaza mate mdomoni. Hupandisha presha, kwa hiyo mwenye presha kubwa apewe kwa tahadhari. Wengine huamka na maruweruwe, na hapo diazepamu hupata kazi yake halali: kutuliza akili, si kuondoa maumivu.

Nalisisitiza jambo moja la mwisho, kwa kuwa ndipo wagonjwa wengi huumia bure: ketamini huisha haraka. Dawa ya maumivu inayodumu zaidi itolewe kabla ketamini haijaisha, na barua ya rufaa iseme wazi mgonjwa kapewa nini, miligramu ngapi, saa ngapi. Bila mstari huo, anayempokea mgonjwa hawezi kujua kama ametulia kwa kuwa haumii, au ametulia kwa kuwa hawezi kusema.